Stesheneri ya Moshi wanakofundisha kutetea hoja

Wanafunzi wa vyuo vya hapa Moshi huelekezana kwa mdomo tu. Fika maeneo ya Double Road, ulizia stesheneri yenye mashine mbili za fotokopi mlangoni na meza ya mbao nyuma ya pazia. Kwenye meza hiyo ndipo anapoketi mwalimu mstaafu anayesimamia maandiko ya utafiti. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari ninayesoma shahada huku nikifundisha, na andiko langu la kushawishi kuhusu sanaa ya Asia limepitia mikononi mwake tangu kichwa cha habari hadi ukurasa wa mwisho. Wenzangu wananiulizia sana huduma hii, kwa hiyo naieleza hapa kwa kirefu.

Mwenyewe hataki jina lake wala namba yake ya simu viandikwe, kwa sababu nafasi ni chache na hapendi kumkatalia mtu. Sisi tunamwita Mwalimu, naye anatuita wanangu, hata sisi wenye mvi.

Hukumu yangu naitoa mapema: sijawahi kulipia huduma bora kuliko hii katika masomo yangu yote. Mwalimu hakuandikii hata sentensi moja. Kazi yake ni kukubishia mpaka ujue unachosema, kisha uende ukakiandike mwenyewe. Katika mji huu hilo lina uzito wake. Wapo vijana wanaoandikia watu utafiti mzima kwa malipo, na mmoja wao alinitajia laki mbili na nusu, akaniahidi kurasa ishirini ndani ya wiki. Hakuniuliza ninataka kusema nini. Bei ilinishtua kidogo, lakini kukosekana kwa swali hilo kuliniuma zaidi, maana mimi mwenyewe husahihisha madaftari ya watoto na najua kazi isiyo na mwenyewe inavyosomeka.

Kwa Mwalimu mambo huanza na swali hilo hilo. Chuo kilitaka andiko la kushawishi juu ya sanaa yoyote ya kuonwa kwa macho kutoka Asia. Niliingia na kichwa kilichosema sanaa ya Asia ina historia ndefu na uzuri wa pekee. Akakisoma, akavua miwani. "Mwanangu, nani atabisha?" Nikanyamaza. "Kama hakuna atakayebisha, utamshawishi nani?"

Baada ya hapo akaanza kuipasua hiyo Asia. Michoro midogo ya ikulu za wafalme wa Mughal kule India ina kanuni zake. Mandhari za milima zilizochorwa kwa wino China zina kanuni nyingine kabisa. Picha za Edo, yaani Tokyo ya zamani kule Japani, zilizochapwa kwa vibao vya mbao ziliuzwa kwa watu wa kawaida mitaani, ilhali maandishi ya mapambo ya misikiti ya Iran yalikuwa na kazi ya ibada. Batiki ya Java ni habari yake yenyewe. Mtu anayesema "sanaa ya Asia" kwa mkupuo mmoja bado hajatazama hata kazi moja kwa makini. Akaniambia nirudi na kitu kimoja ninachoweza kukipima kwa rula.

Nilirudi na kaure, vile vyombo vya udongo mweupe, za buluu na nyeupe za China. Nimewahi kuwapeleka wanafunzi wangu Kunduchi, kwenye yale makaburi ya mnara ya karne ya 18 ambayo baadhi yake yamepachikwa sahani za Kichina, na tangu hapo hazijanitoka kichwani. Mwalimu alifurahi. Akanitaka nitoe dai langu kwa Kiswahili, kwa sauti, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha pili, kabla sijaanza kuliandika kwa Kiingereza cha chuo. Ni utaratibu wake kwa kila mtu. Dai lisilosemeka kwa lugha unayoiota, anasema, bado ni la vitabu, halijawa lako.

Dai langu la kwanza lilikuwa hivi: kaure za buluu na nyeupe za karne ya 14 hazikutengenezwa kwa ajili ya Wachina, zilitengenezwa kwa wanunuzi Waislamu wa ng'ambo. Hilo mtu anaweza kulipinga, kwa hiyo Mwalimu alilipokea, akaniagiza nilete ushahidi kipande kimoja kimoja. Kila kipande alikiuliza mambo mawili: kinathibitisha nini, na kinashindwa kuthibitisha nini?

Nilianza na Kunduchi, nikidhani ndiyo silaha yangu kubwa. Sahani zipo, ziko kwenye ardhi yetu, zimepachikwa kwenye makaburi ya Waislamu. Mwalimu akazisikiliza, kisha akaziweka kando kwa upole. Zinathibitisha kwamba bidhaa ilifika na ilithaminiwa. Haziwezi kueleza fundi wa Jingdezhen, mji wa China uliotengeneza kaure, alikuwa akimfikiria nani alipokuwa akichora, tena makaburi yale yamejengwa karne nne baada ya wakati ninaouzungumzia. Ziliishia kwenye utangulizi wangu, na huko zinafanya kazi nzuri kwa sababu zinamwonyesha msomaji wa Tanzania kwamba habari hii inamhusu. Hoja yenyewe ilibidi isimame juu ya vitu vingine.

Cha kwanza kilikuwa rangi. Buluu ile ni kobalti, na kobalti bora iliyotumika Jingdezhen wakati wa Yuan, ukoo wa Kimongolia ulioitawala China, ilitoka Iran. Fundi aliichora moja kwa moja juu ya udongo mbichi, akafunika kwa utando wa kioo, kisha chombo kikaingia kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,300. Udongo huinywa rangi hapo hapo, kwa hiyo mkono ukikosea hakuna kufuta. Mwalimu alinitaka nikae na jambo hilo muda mrefu. Kwa nini mafundi waliokuwa na rangi za kwao waagize madini ghali kutoka upande wa pili wa Asia? Swali hilo likawa aya nzima, na msimamizi wangu chuoni aliweka alama ya vema pembeni yake.

Kilichofuata ni ukubwa, na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanamsifu. Nilikuwa nimeandika kwamba sahani nyingi za aina hii zina kipenyo cha sentimita 40 na zaidi. Mwalimu akamwita kijana wa dukani alete karatasi ya manila na mkasi. Tukapima sentimita 45, tukachora duara kwa uzi na penseli, tukalikata, tukalilaza mezani. Akaagiza viti. Tukalizunguka watu wanne, mimi, yeye, yule kijana, na mteja aliyekuja kuprinti barua ya kazi. Hakuhitaji kueleza. Kila mtu aliyekula pilau ya harusini analijua duara lile: ni sinia. Wachina walikula kila mtu na bakuli lake dogo, ilhali nyumba za Asia Magharibi zililizunguka sinia kama sisi. Wataalamu wamelisema hili kwenye vitabu kwa miaka mingi, nami nilikuwa nimelinukuu vizuri tu pamoja na tanbihi, lakini lilikuwa limelala kwenye karatasi. Baada ya duara la manila niliandika ukurasa ule upya usiku huo huo.

Wala hakuniacha nishangilie. "Na kama zilikuwa za kutundika ukutani?" Ukubwa peke yake hautoshi. Nikaongeza mapambo: yale mapete ya mistari yaliyopangwa moja ndani ya nyingine, yanayofanana na mapambo ya masinia ya shaba ya Waislamu wa wakati huo. Nikaongeza mahali zilikotunzwa. Hazina mbili mashuhuri za kaure za awali za buluu na nyeupe ziko nje ya China: moja ni ya ikulu ya Topkapi, Istanbul, na nyingine ni ya kaburi takatifu la Ardabil, Iran, ambayo mfalme Shah Abbas aliikabidhi huko mwaka 1611. Nikaongeza Ibn Battuta, msafiri wa Maghribi, yule yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, ambaye baadaye alifika China na kuandika kwamba kaure yao husafirishwa India na nchi nyingine mpaka kufika kwao Maghribi. Kisha nikamleta shahidi niliyempenda kuliko wote: Cao Zhao, msomi wa Kichina aliyeandika mwongozo wa wapenda vitu vya kale mwaka 1388, akaziita kaure za buluu na nyeupe kuwa za kishamba mno. Bidhaa ambayo leo ulimwengu mzima unaitambua kuwa ndiyo China yenyewe, wasomi wa kwao waliidharau.

Nilidhani nimemaliza. Mwalimu akaniambia nitafute kitu kimoja kinachoniangusha.

Kipo, na kiko Makumbusho ya Uingereza, London. Ni majagi mawili yanayoitwa majagi ya David, yenye urefu wa sentimita 63 na ushei na vishikio vya vichwa vya tembo. Shingoni yameandikwa tarehe inayolingana na mwaka 1351, pamoja na jina la aliyeyatoa, Zhang Wenjin, na hekalu la Kidao, dini ya jadi ya China, alikoyapeleka akiombea familia yake. Hakuna kaure ya buluu na nyeupe iliyo muhimu kuliko hii kwa watafiti. Ni kwa kulinganisha na majagi haya yenye tarehe ndipo John Alexander Pope, mtaalamu wa kaure wa Marekani, miaka ya 1950, alipoweza kuzitambua kaure za karne ya 14 zilizokuwa Topkapi na Ardabil. Lakini tazama zinavyolipiga dai langu: zilitengenezwa China, zikanunuliwa na Mchina, zikawekwa kwenye hekalu la China.

Mwalimu anaamini kwamba pingamizi kubwa kuliko yote lazima liingie kwenye andiko, tena kwa nguvu zake zote. Msomaji anayelijua ataona umelificha, na kuanzia hapo hatakuamini hata pale uliposema kweli. Tulikaa na majagi yale jioni nzima, fotokopi zikinguruma upande wa pili wa pazia. Hatimaye dai lenyewe likabadilika. Zhang Wenjin hakuwa msomi wa ikulu wala mkusanyaji wa vitu vya kale. Alikuwa muumini aliyekuwa na fedha za kutoa sadaka. Kwa hiyo andiko langu sasa linasema kwamba soko la Waislamu wa Asia Magharibi ndilo lililoipa kaure ya karne ya 14 buluu yake, ukubwa wake na mpangilio wa mapambo yake, na kwamba ndani ya China yenyewe wasomi walikuwa wa mwisho kuikubali, wakati waumini wa kawaida walishaipeleka mahekaluni. Dai hili ni jembamba kuliko lile la kwanza, na lina nguvu kuliko lile. Nililitetea mbele ya darasa langu bila kutazama karatasi.

Sikuwa peke yangu pale mezani. Kulikuwa na binti wa mwaka wa pili aliyekuja na ile picha ya wimbi ya Hokusai, mchoraji wa Japani, ambayo Mwalimu anasema wengi huja nayo. Hakumkataza. Alimuuliza tu atasema nini ambacho fulana na vikombe vyenye picha ile havijasema. Binti akagundua kwamba picha ile, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1830 katika mfululizo wa mandhari za Mlima Fuji, imetumia buluu ya Prussia, rangi iliyobuniwa Berlin karne ya 18 na kuingia Japani kupitia biashara ya bandari ya Nagasaki wakati nchi ikiwa imebana milango yake kwa wageni. Akajenga hoja kwamba picha inayoitwa ya Kijapani kuliko zote ni ushahidi wa milango iliyokuwa wazi. Hokusai alikuwa na miaka sabini na kitu alipoitoa. Kila mtu pale alinyoosha shingo kusikiliza, na mimi nilimwonea fahari kama mwanafunzi wangu mwenyewe.

Kuhusu picha, Mwalimu ana ushauri mmoja ambao peke yake unalipia safari. Usiokote picha popote mtandaoni. Nenda kwenye tovuti za makumbusho zenyewe. The Met ya New York tangu Februari 2017 imeruhusu picha za kazi zake zisizo na hakimiliki zitumike bure, bila kuomba ruhusa, na ina sahani za enzi za Yuan na za Ming, ukoo uliowafuata, ambazo unaweza kuzivuta mpaka ukaona alama za burashi. Chini ya kila picha andika jina la kazi, mahali ilikotengenezwa, tarehe, vipimo, makumbusho inakotunzwa na namba yake ya usajili. Vipimo hasa havisamehi, kwa sababu kwenye karatasi kikombe na pipa vinaonekana sawa. Picha za ubora wa juu zinakula kifurushi, kwa hiyo zishushie mahali penye waifai.

Bei ni hizi. Kikao kimoja ni shilingi 15,000, na hakina saa. Kinaisha pale unapokwama au Mwalimu anapochoka. Kusomewa rasimu na kuandikiwa maswali pembeni ni shilingi 500 kwa ukurasa. Kuprinti nyeusi ni 200, rangi ni 1,000, kubana kwa spairo 2,500. Mwanafunzi aliyebanwa sana hulipa kidogo kidogo, na sijasikia Mwalimu akimkumbusha mtu deni mbele ya wengine.

Kasoro zipo, nami nazisema kwa sababu nataka mahali hapa padumu. Printa yao ya rangi inaigeuza buluu kuwa zambarau. Kwa andiko linalozungumzia buluu tangu mwanzo hadi mwisho, hilo halivumiliki, na Mwalimu mwenyewe aliniambia nikaprinti kurasa za picha kwingine, kisha nirudi nibane pale. Nafasi ni finyu na kelele za mashine hazikatiki, labda umeme ukatike, na ukikatika kazi yote husimama. Hajibu ujumbe wa simu. Kingine, si mtaalamu wa sanaa: alifundisha historia na Kiingereza, na hilo hulisema mwanzoni kabisa. Ukimuuliza jina la ua lililochorwa ukingoni mwa sahani atakwambia hajui, atakuelekeza Maktaba ya Mkoa au kwenye tovuti ya makumbusho ukatafute. Ambaye anataka mtu wa kumjaza maarifa ya kaure atapata kwingine. Yeye anakufundisha kuyasimamisha maarifa uliyonayo yasianguke yakisukumwa, na katika hilo sijamwona wa kumfikia, hata madarasani.

Ningependa pia amlee mtu wa kumrithi. Yule kijana wa dukani ana akili, anasikiliza kila kitu kutoka nyuma ya mashine, na siku ile ya duara la manila ndiye aliyesema kwanza neno sinia. Kama chuo chochote cha hapa Kilimanjaro kingempa Mwalimu chumba chenye dirisha na meza ndefu, tungepata watu wengi wanaojua kubishana kwa ushahidi, na mji unawahitaji, iwe wanaandika kuhusu Asia au kuhusu mashamba ya kahawa.

Kwa anayetaka kwenda: epuka Jumamosi, foleni inafika barabarani. Katikati ya wiki kuanzia saa nne asubuhi hupati shida. Desemba anapanda kijijini kwake na duka linabaki la fotokopi tu, kwa hiyo wenye tarehe za mwisho za Januari wajipange mapema. Beba rula, picha moja iliyoprintiwa kubwa, na dai lako limeandikwa kwa mkono kwenye nusu karatasi. Bila hiyo nusu karatasi atakurudisha nje ukaiandike kwanza.